Umemvua Nguo Mara ya Pili

Wiki iliyopita binti anayenisaidia kazi za nyumbani alitia vidonge vya kufukuza mende kwenye kabati langu la nguo. Ni kabati la mninga, la milango minne, nililotengenezewa Lushoto mjini kwa vipimo nilivyochora mwenyewe. Nililifungua asubuhi nikitafuta koti zito, kwa maana ukungu wa Kwai wa mwezi wa saba hauna adabu, na harufu ikanipiga usoni. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikaubamiza mlango, nikamfokea yule mtoto wa watu mpaka akalia. Yeye alidhani ananifanyia jema. Hakujua kwamba vidonge vile vinanuka karibu sawa na karafuu maiti, na kwamba harufu hiyo niliikimbia zamani nikiapa kuwa siku nitakapokuwa na kabati langu mwenyewe, halitanuka hivyo.

Kisa chenyewe sijamsimulia mtu yeyote hapa, basi wacha niwasimulie ninyi mnaosoma. Hapa Kwai watu wananijua kwa mengine. Wananijua kwa ng'ombe wangu kumi na tisa wa maziwa, kwa nyumba ya vigae vyekundu inayoonekana tangu barabarani, na kwa diploma ya uzalishaji wa mifugo niliyoitundika sebuleni, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Diploma ile sikupewa na mjomba. Niliitafuta nikikamua ng'ombe wa watu alfajiri na kuingia darasani nikinuka maziwa, na niliporudi milimani sikuja kuomba shamba, nilikuja kununua. Wapo wanaosema nina maringo. Waseme. Wao hawakuwahi kuitwa jina nililoitwa mimi katika shule ya msingi kule Mlola. Mimi niliitwa Dija Sanda.

Jina hilo nililipata kwa sababu nyumba yetu ilikuwa nyumba ya waosha maiti. Bibi yangu, Bibi Saumu, mama yake baba, ndiye aliyewaosha wanawake wote waliokufa Mlola na vitongoji vyake. Kazi aliipokea kwa mama yake, na mama yake aliipokea kwa mama yake yeye, mwanamke aliyekuja kuolewa kutoka Mtae kwa miguu, siku tatu, akiwa na kata ya kuchotea maji na Kurani nzima kifuani. Hawakuchukua malipo. Bibi hakupokea hata chumvi. Mtu akimletea kikapu cha karoti baada ya mazishi, alikirudisha mwenyewe na kusema kwa upole, "Mwanangu, mimi nimeajiriwa kwingine."

Watu walimheshimu, na heshima yao ilinitia kichefuchefu. Kwenye harusi walimwekea mkeka mzuri, lakini sahani aliyolia iliwekwa kando ioshwe mara mbili. Walimpa shikamoo kwa mikono miwili kisha wakapangusa viganja kwenye kanga. Alipopita sokoni, wanawake wajawazito waligeuza matumbo yao upande mwingine. Na siku kifo kilipobisha mlango, hao hao walikuja mbio, hawana viatu, wakilia, "Bi Saumu, njoo!" Naye alikwenda. Alikwenda kwenye mvua, alikwenda akiwa na homa, alikwenda kwa watu waliokuwa wamemtukana juzi yake. Niliona kama ujinga, na nilimwambia hivyo.

"Ujinga," alirudia, kama mtu anayeonja mboga. "Haya. Basi huu ni ujinga wa ukoo, na wewe ndiye mjukuu mkubwa."

Bibi alikuwa mwembamba na mkali. Alituamsha kwa sala ya alfajiri kwa kutunyunyizia maji kwenye nyayo, maji yale yale ya mfereji yanayoshuka kutoka msituni, ambayo mwezi wa saba yanauma kama meno. Tukilalamika alisema, "Baridi hii ameiumba Yeye, anajua vizuri inavyouma. Amka." Nilimsikia akisali nikiwa bado nimejikunyata, sauti yake ikipanda na kushuka, Kiarabu chake kikiwa na lafudhi nene ya Kishambaa, na nilijua kwamba siku moja sauti ile itategemewa iwe yangu. Niliichukia siku hiyo kabla haijafika.

Ilifika nilipovunja ungo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Bibi aliniita chumbani kwake, akanipa kata, akaniambia kwamba kuanzia sasa nitamwagia maji, yeye ataosha. Alinifundisha kwanza jinsi ya kumwaga: taratibu, kuanzia upande wa kulia, maji yasianguke kwa kishindo kwa sababu anayeoshwa hawezi kusema yanamuumiza. Alinionyesha majani ya mkunazi yanayosuguliwa mpaka yatoe povu, na karafuu maiti inayotiwa katika maji ya mwisho. Kisha akaongeza:

"Na utakachokiona humo ndani hukukiona."

"Na nikiulizwa?"

"Utaulizwa sana," alisema.

Sasa niwajulishe Bi Zaituni. Alikuwa mke wa Maalim Hoza, aliyefundisha madrasa, na yeye mwenyewe aliongoza darasa la wanawake kila Alhamisi. Mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti ya kukata mbao. Adui yake mkubwa duniani hakuwa shetani, alikuwa mganga. Milima yetu ina sifa ya uganga mpaka pwani, nanyi mnajua, na Bi Zaituni aliapa kuing'oa sifa hiyo kwa mikono yake. Alipita nyumba kwa nyumba. Akiona uzi shingoni mwa mtoto, aliukata.

Mdogo wangu Ali alikuwa na pumu. Mama alikuwa amekwenda naye zahanati mara nyingi kuliko alivyokwenda sokoni, na mwishowe, kwa kukata tamaa, akamfunga hirizi ndogo shingoni chini ya shati. Kwenye Maulidi, mbele ya wanawake wote wa Mlola waliokaa wamejitanda, Bi Zaituni aliinama, akapenyeza vidole kwenye ukosi wa Ali, akaivuta ile hirizi mpaka uzi ukamkata mtoto shingo. Akaiinua juu.

"Hii ndiyo imani ya nyumba inayoosha maiti wetu!" alisema. "Mwenye mtoto wa hirizi asikae safu ya mbele."

Mama alimbeba Ali na kwenda kukaa nyuma, karibu na viatu. Bibi aliinuka, akamfuata, akakaa naye pale penye viatu mpaka mwisho. Mimi nilibaki mbele, nikimtazama Bi Zaituni, na chuki niliyomwekea siku ile ilikuwa safi na nzima kama yai. Sijawahi kumchukia mtu hivyo tena, na katika biashara ya maziwa nimekutana na wengi waliostahili.

Alikufa mwaka uliofuata, baada ya kuugua siku nne tu. Walikuja kumchukua Bibi asubuhi, nasi tukaenda, yeye mbele na mimi nyuma na kata. Nyumba ya Maalim ilijaa vilio. Kwenye chumba cha nyuma alikuwa amelazwa juu ya ubao, amefunikwa, na nje ya pazia alikuwa amesimama binti yake wa pekee, Mwanaidi, tuliyekuwa darasa moja. Hakulia. Alikuwa ameshika ndoo tupu kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na Bibi. Alimvua nguo chini ya shuka bila kuliinua, kama alivyofanya siku zote, mikono yake ikifanya kazi kwa kupapasa. Kisha nikaiona mikono ile ikisimama. Aliliinua shuka kidogo sana upande wa kiuno, na kwa kuwa nilikuwa nimeinama na kata, niliona. Chini ya shanga kulikuwa na uzi mweusi, na kwenye uzi kulikuwa na hirizi ya ngozi, ndogo, imechakaa na kung'aa kwa jasho la miaka mingi.

Bibi alichukua wembe, akaukata uzi, akaikunja hirizi kwenye pamba, akaitia kati ya matambara yatakayozikwa. Hakunitazama. Aliniambia tu, "Maji, Dija," nami nikamwaga. Nikamwaga taratibu kama nilivyofundishwa, upande wa kulia, huku moyo wangu ukicheka. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Maiti alikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nacheka moyoni.

Nilikaa na siri hiyo siku kumi na moja. Nilikwenda nayo shule, nikala nayo, nikalala nayo. Siku ya kumi na mbili Mwanaidi alirudi shule. Mwalimu alimwambia akae dawati langu kwa kuwa lake lilikuwa limevunjika, naye akasimama pale, mbele ya darasa zima, akitazama mikono yangu juu ya dawati.

"Sikai hapa," alisema. "Mikono hiyo ilimshika mama."

Leo ninapolikumbuka nasikia mtoto anayelia. Siku ile nilisikia tusi. Darasa lilicheka, mtu nyuma akaita "Sanda!", nami nikainuka.

"Ndiyo, ilimshika," nikasema. "Na ilimkuta na hirizi kiunoni. Mama yako aliyekuwa anakata za wenzake, yake alikuwa anaifunga kwa uzi mweusi!"

Kicheko kilikatika. Mwanaidi alitoka nje akaacha begi lake sakafuni, na nakumbuka nilijisikia mrefu, kama mtu aliyepanda kiti.

Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia na kunywa chai. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Umesema?"

"Nimesema kweli, Bibi."

"Sikukuuliza kama ni kweli."

"Alimdhalilisha mama! Alimkata Ali shingo! Wewe uliona!"

Aliweka ungo chini. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Lakini alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mara ya kwanza tulimvua kwa sababu Mungu ameamuru aoshwe. Leo umemvua nguo mara ya pili, mbele ya watoto wa watu, na huna maji wala shuka la kumfunika."

Akarudi kwenye maharage yake. Hakusema nami tena kwa siku nyingi, isipokuwa kunituma.

Baada ya sala ya alasiri siku iliyofuata walikuja wanaume wanne, Maalim Hoza akiwa mbele. Alikuwa amekonda. Alipanda mkekani na viatu vyake.

"Bi Saumu, tumekuja kwa heshima."

"Karibuni," alisema Bibi, akitazama viatu. "Naiona ilivyoingia."

Mama alinivutia jikoni, na kupitia upenyo wa mlango nilisikia kila kitu.

"Neno moja tu tunalitaka," alisema Maalim. "Mke wangu alikuwa na kitu hicho au hakuwa nacho?"

"Mkeo alikuwa na haki ya kuoshwa. Nikamwosha."

"Sikuulizi haki yake, mama. Nakuuliza alikuwa nacho?"

"Na mimi sina jingine la kukuambia, baba."

Mzee mmoja, mgosi kama tunavyowaita wazee kwetu, mwenye ndevu nyekundu za hina, alijaribu kumfungulia njia. "Basi apa tu kwamba wewe hukutoa neno. Hilo nalo litatutosha. Mtoto atabeba la kwake."

Ilikuwa njia rahisi, na ilikuwa ya haki. Hakuwa ametoa neno. Angeapa akiwa msafi, akabaki na kazi ya mama yake na ya mama wa mama yake, nami ningebaki mtoto mwongo aliyechapwa viboko na kusahauliwa.

"Kata nilimpa mimi," alisema Bibi. "Lililotoka limetoka nyumbani kwangu. Lihesabuni juu yangu."

"Kwa hiyo mtoto amesema kweli au amesema uongo?"

"Mtoto ni wangu."

Nilishindwa kuvumilia. Nilipiga kelele kutoka jikoni, "Bibi, si uwaambie! Si uliiona!" Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chenye masizi. Kule nje Bibi hakugeuka.

"Dija," alisema, "kachote maji."

Nilipita katikati yao na ndoo, wote wakinitazama. Niliporudi walikuwa wameondoka, na Bibi Saumu hakuwa tena mwosha wa Mlola. Walisema wanawake wa darasa la Alhamisi watashika kazi hiyo kuanzia siku ile. Miaka mia, pengine zaidi, ya bibi zangu kuamka kwenye baridi, na niliimaliza mimi kwa maneno yaliyochukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Hakulia, wala hakulalamika. Aliendelea kuamka na kutunyunyizia maji. Ila nilimwona mara nyingine akisimama uani kunapokuwa na msiba, amekwisha kujitanda, ameelekea upande wa vilio vinakotoka, halafu anakumbuka. Anajitandua kanga. Anarudi ndani kusali, na sala zake siku hizo zilikuwa ndefu. Mimi nilimwona na nilikasirika zaidi. Nilitaka anichukie waziwazi tumalizane. Nilitaka amchukie Mungu wake pia, aliyemwacha hivi baada ya utumishi wote ule. Nilimwambia hata hilo.

"Amekulipa nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia mwanzoni kwamba sidai," alijibu.

Wanawake wa Alhamisi walijaribu. Mwanamke wa kwanza kufa baada ya hapo alikutana na watu saba chumbani na hakuna aliyejua aanze wapi. Walibishana juu ya vipande vya sanda mpaka sala ya adhuhuri ikapita, na inasemekana wawili walitoka nje wakagombana kwa sauti huku marehemu akisubiri. Wa pili alikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyekuja kumwomba Bibi radhi. Watu wa kwetu hawaombi radhi, wanatuma mtoto kuuliza kama mtu ameamka salama.

Aliyekuja ni Mwanaidi. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa jikoni namenya viazi. Alifika na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kufundishwa kazi."

Kisu kilinisimama mkononi. "Ya mama yako sitakwambia," alisema Bibi.

"Sitaki uniambie, Bibi. Nataka nijue mikono inavyokwenda. Nijue alivyoshikwa."

Bibi alilia siku hiyo, kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu. Akaingia chumbani akatoka na kata, ile ile aliyonipa mimi, akamwekea Mwanaidi mikononi. Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Hakuniangalia hata kidogo. Kesho yake walikwenda pamoja kwenye msiba wa ng'ambo ya bonde, na hakuna mzee aliyethubutu kuwazuia, kwa sababu binti wa Bi Zaituni mwenyewe alikuwa anatangulia na ndoo.

Nilijiambia nimepona. Kazi ya harufu ile ilikuwa imepata mwenyewe, nami nilikuwa huru. Nilisoma kwa hasira. Nilifaulu kwa hasira, nikatoka Mlola nikiwa na miaka kumi na minne kwenda sekondari ya bweni, na kila cheti nilichokipata nilikipata nikimwonyesha mtu ambaye hakuwa anatazama. Watu hudhani bidii hutoka kwenye matumaini. Yangu ilitoka pale uani, penye kata.

Kuhusu ile hirizi, nilielewa nikiwa mtu mzima. Mtoto wangu wa kwanza alikufa akiwa na siku tisa. Mama alikuja kukaa nami, na jioni moja, tukikunja nguo zake ndogo, alisema bila kunitazama, "Bi Zaituni alizika wanne kama huyu. Mwanaidi alikuwa wa tano. Wote wanne aliwaosha bibi yako." Nilibaki na fulana mkononi. Bibi alijua uzi ule ulifungwa lini na kwa nini. Alijua mwanamke yule alikuwa anahubiri mchana kwa nguvu zote dhidi ya woga aliokuwa ameufunga kiunoni mwake. Angewaambia hivyo wale wazee wanne, wangelia wote na kwenda nyumbani. Alinyamaza. Na mimi nilikuwa nimemtangazia mambo hayo, darasani, yule yule mtoto wa tano. Nilipopata mimba ya pili, mimi mwenye diploma, nilifunga kitu kiunoni. Sitawaambia nilikitoa wapi.

Bibi Saumu alifariki miaka miwili iliyopita. Nilipigiwa simu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa nne nilikuwa Mlola na pikapu yangu, nimevaa viatu vizuri na nimejiandaa moyoni. Nilikuwa mjukuu mkubwa. Nilijua upande wa kuanzia, nilijua maji yanavyomwagwa. Nilipita katikati ya wanawake mpaka kwenye pazia, na mbele ya pazia alikuwa amesimama Mwanaidi, mwanamke mpana sasa, mikono imekunjwa mpaka viwikoni.

"Nipishe," nikamwambia. "Ni bibi yangu."

"Najua, Dija. Pole sana."

"Sitaki pole, nataka kuingia."

"Aliusia usiingie. Alisema ukija upewe ndoo."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka kwa pua. Damu ilinipanda. "Unanilipizia ya mama yako. Miaka yote hii, umeisubiri leo!"

Mwanaidi alinikaribia mpaka wengine wasisikie. "Ningetaka kulipiza ningekuacha uingie," alisema. "Uone, halafu uhangaike nalo maisha yako yote usipate wa kumwambia. Ndoo ile pale. Yasiwe ya moto sana, ngozi yake ilikuwa imekuwa laini."

Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, kisha nikachukua ndoo. Sijui kwa nini nilitii. Labda kwa sababu ya neno lile la ngozi. Nilichota, nikachanganya ya moto na ya baridi, nikapima kwa kiwiko, nikapeleka mpaka kwenye pazia. Mkono wa Mwanaidi ulitoka, ukapokea, ukarudisha tupu. Nikaenda tena. Tope liliingia kwenye viatu vyangu, mgongo ukaniuma kama kibarua, na watu waliokuja kunishangaa na pikapu yangu walinipisha njia kama wanavyompisha mtu yeyote anayebeba maji ya maiti. Kutoka ndani nilisikia maji yakimwagwa taratibu, hayaanguki kwa kishindo.

Siku ya tatu ya matanga, watu walipopungua, nilimfuata Mwanaidi kwenye mfereji alipokuwa anasuuza sufuria. Nilikuwa nimekwisha kumeza kiburi cha kutosha kwa mwaka mzima, nikameza na kilichobaki.

"Sikuulizi baya," nilisema. "Niambie la zuri tu. Uso wake ulikuwaje? Watu wanasema mtu kama yule hung'aa."

Aliendelea kusuuza.

"Mwanaidi, nakuomba. Nilimkosea, akafa hajaniambia kama amenisamehe. Niambie kama alikuwa ametulia. Zuri linaruhusiwa kusemwa, hata masheikh wanasema."

"Linaruhusiwa," alisema. "Lakini yeye hakulisema hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia, leo ukisema fulani aling'aa, watu watafurahi. Kesho ukitoka kwa mwingine umenyamaza, watajua umeficha nini. Kwa hiyo akaniambia ninyamaze kwa wote, ili wa kesho asivuliwe na kimya changu." Akapangusa mikono. "Wa kesho ni wengi, dada."

Nilikasirika. Niliendesha gari mpaka Kwai nikimlaani yeye, nikimlaani na aliyemfundisha. Ilikuwa karibu na nyumbani, nikipunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe, nilipoelewa kwa nini Bibi hakuweza kuwajibu wale wazee wanne hata kwa hapana. Alikuwa anawafikiria wanawake ambao hawajafa bado. Alitoa kazi ya ukoo wake mzima ili kimya chake kibaki kimoja kwa kila mtu, naye hakuwa na wa kumweleza hayo isipokuwa Yule aliyesema amemwajiri. Mimi nilimwona akisali nikadhani analalamika.

Binti yangu Saumu ana miaka kumi na mitano. Likizo moja ya mwaka jana aliniomba ruhusa akakae Mlola kwa Mwanaidi, ajifunze. Nilimkatalia kwa maneno makali, nikamwambia sikusoma kwa shida ili mwanangu aitwe Sanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mama. Nitakuomba tena kesho." Aliniomba siku tisa mfululizo, kwa adabu ile ile, na siku ya kumi nikampeleka mwenyewe.

Sasa kila likizo anakwenda. Akirudi, mikono ya gauni lake inanuka, na kabla hajanisalimu huenda kuoga na kusali. Halafu anakaa mezani, mtoto wangu mwenye utani na maneno mengi, na anaponiangalia najua kuna jambo ameliona. Linanichoma kutaka kulijua. Mimi ambaye hapa Kwai hakuna jambo linalopita bila mimi kuarifiwa, nakaa mbele ya mtoto niliyemzaa na sijui anachokijua.

Nampakulia chakula. Namuuliza habari za njia.